Mguu Uliolegea Unapoanza Kukakamaa: Namna ya Kufuatilia Dalili za Ubongo na Uti wa Mgongo kwa Mgonjwa wa Neva

Fundi cherehani mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuwa katika mwaka wa pili wa kutibiwa ugonjwa sugu wa neva, ule ambao kwenye kadi za kliniki huandikwa kwa herufi nne, CIDP. Miguu yake ilikuwa imelegea, vidole vimekufa ganzi, na kandambili zilikuwa zikimvuka njiani bila yeye kujua. Dawa zilipomshika alipata nafuu, akarudi kwenye cherehani yake ya kukanyaga. Siku moja, akiwa amekaa tu bila kushona, aliweka unyayo kwenye kikanyagio, na mguu wa kulia ukaanza kupigapiga wenyewe, harakaharaka, usikome mpaka alipouondoa pale. Binti yake akamwambia, "Baba, mguu wako unashona peke yake," wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfanyisha mazoezi ya viungo, na waliponisimulia nilicheka nao, kisha nikaandika kwenye faili kwamba misuli imechoka. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu kwa ajili ya wagonjwa wa aina yake na wanaowauguza.

Misuli iliyochoka haipigi namna ile. Neva za pembeni, yaani zile zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mikononi na miguuni, zikiugua, mguu hulegea na hupoa kimya: daktari hugonga goti kwa kinyundo na goti halijibu. Mguu unaopigapiga wenyewe kila unyayo unaposukumwa juu ni mguu ambao amri za ubongo za kuutuliza haziufikii vizuri, na njia ya amri hizo hupita ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwuguzaji lisiwe tu "Je, mgonjwa ana nguvu kiasi gani?" bali "Je, udhaifu huu ni wa kulegea au ni wa kukakamaa?"

Kwa nini ugonjwa wa pembeni huweza kufika katikati

Kila uzi wa neva umezungushiwa utando wa mafuta uitwao mailini, unaofanya ujumbe usafiri haraka. Pembeni, utando huo hutengenezwa na seli za Schwann; ndani ya ubongo na uti wa mgongo hutengenezwa na seli nyingine, oligodendrosaiti, na protini zake nyingi ni tofauti. Katika CIDP, kinga ya mwili huushambulia utando wa pembeni au sehemu zilizo jirani nao, na kwa kuwa tando hizi mbili hazifanani, wagonjwa wengi hawaguswi ubongo kamwe. Hata hivyo zipo protini zinazopatikana kote kuwili. Mojawapo ni neurofasini 155, iliyo karibu na vifundo vya Ranvier, pale ambapo utando hukatika kidogo ili umeme wa neva uruke mbele. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walieleza kwamba wagonjwa wengi waliowachunguza, walioharibikiwa mailini ya katikati na ya pembeni kwa pamoja, walikuwa na kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, dhidi ya protini hiyo. Tafiti za baadaye kwingineko hazikuipata kwa wingi ule, kwa hiyo kutokuwa nayo hakumtoi mtu katika kundi hilo.

CIDP yenyewe ni ugonjwa nadra. Hutambulikana kwa kwenda polepole: udhaifu huendelea kuzidi kwa zaidi ya wiki 8, tofauti na Guillain-Barré, ugonjwa mwingine wa neva za pembeni, ambao hufika kileleni ndani ya wiki 4. Kuguswa kwa ubongo au uti wa mgongo kiasi cha kuleta dalili ni nadra zaidi ndani ya unadra huo. Nayasema haya mapema ili msomaji asianze kumkagua mgonjwa wake kila saa kwa hofu. Mara moja kwa wiki inatosha.

Namna ya kuangalia nyumbani

Anza na mwendo. Mwambie mgonjwa atembee kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe na kurudi, nawe simama kando umtazame miguu, si uso. Mwenye ugonjwa wa neva za pembeni huinua goti juu ili vidole visikwaruze chini, kama mtu anayevuka maji ya kina cha goti pale bahari inapokupwa, na unyayo wake hutua kwa kishindo. Mwenye tatizo la uti wa mgongo huwa na mguu ulionyooka kama mti. Goti halikunji vizuri, mguu huzungushwa kwa nje kama mundu, na mara nyingine mapaja hubanana hadi magoti yanagusana. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili, mguu huu hivi na ule vile, na hapo ndipo daftari linapohitajika zaidi ya kumbukumbu.

Kisha mlaze chali kitandani, mwambie aulegeze mguu kana kwamba amelala usingizi. Ingiza mikono yako chini ya goti, ulinyanyue kwa haraka lakini bila kumwumiza. Kisigino kikiburuzika kwenye shuka, misuli ni milegevu au ni ya kawaida. Kisigino kikinyanyuka pamoja na mguu mzima kama ubao, andika. Baada ya hapo shika unyayo, usukume mara moja kuelekea gotini, uushikilie hapohapo. Mapigo mawili matatu yanayokoma yanaweza kumpata hata mtu mzima wa afya. Yakifika matano na kuendelea, hilo ni jambo la kupelekwa kwa daktari ndani ya siku chache, na si la kusubiri tarehe ya kliniki ya mwezi ujao.

Kipimo cha kukwaruza unyayo ili kuona kama kidole gumba kinapanda juu, ambacho Joseph Babinski alikieleza mwaka 1896, mwachieni daktari. Si kwamba ni kigumu, bali ni rahisi kukisoma vibaya: mgonjwa mwenye unyayo unaowasha huvuta mguu wote, na mgonjwa ambaye misuli ya kuinua kidole imekufa kabisa hataonyesha chochote hata kama uti wa mgongo umeguswa.

Na hapa pana mtego ambao hata wahudumu wa afya hunaswa nao. Ugonjwa wa pembeni unaweza kuuficha ugonjwa wa katikati. Goti haliwezi kuruka kwa nguvu ikiwa neva yenyewe ya kulirusha haifanyi kazi. Kwa hiyo, goti lililokuwa kimya kwa mwaka mzima likianza kujibu tena, kuna habari mbili zinazowezekana. Ikiwa nguvu zinarudi, mgonjwa anapanda ngazi alizokuwa hapandi na ganzi inashuka kutoka gotini hadi kifundoni, basi huenda neva zinapona, na hilo ni la kushukuru. Ikiwa goti linaruka huku mwendo unazidi kuwa mbaya, usimpongeze mtu. Fundi wetu alikuwa katika hali hiyo ya pili, na sisi tulikuwa tukimpongeza.

Ganzi nayo ina ramani yake. Chukua ncha ya kanga, umguse mgonjwa kidogokidogo kuanzia vidoleni kupanda juu, yeye akiwa amefumba macho, akuambie anapoanza kuhisi sawasawa. Ganzi ya CIDP kwa kawaida ni ya soksi na glavu: huanza mwishoni mwa miguu na mikono na hufifia taratibu inavyopanda. Ganzi inayopanda hadi tumboni au kifuani na kukatika kwa mstari, juu yake mtu anahisi na chini yake hahisi, huelekeza kwenye uti wa mgongo. Wanawake wengine huieleza vizuri zaidi kuliko vitabu: wanasema wanahisi kama wamefungwa kanga kwa nguvu kiunoni wakati hawajavaa kitu. Msitumie maji ya moto kwa kipimo hiki. Ngozi yenye ganzi huungua bila kulalamika. Muulize pia kama anapoinamisha shingo mpaka kidevu kikaribie kifua, kwa mfano anapofunga vifungo vya shati, hupata kitu kama umeme unaoshuka mgongoni; hilo nalo huelekeza kwenye uti wa mgongo.

Macho yakaguliwe moja moja. Mfunike jicho la kushoto, asome tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kisha abadilishe. Halafu mwonyeshe kitu chekundu, jicho hili na jicho lile. Neva ya jicho ni sehemu ya ubongo kwa asili yake, na mailini yake ni ya oligodendrosaiti. Ikivimba, nyekundu huonekana imepauka upande mmoja kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na jicho huuma linapogeuzwa. Kuona vitu viwiliviwili ni jambo jingine, kwa sababu neva zinazogeuza macho ni za pembeni na CIDP inaweza kuzigusa zenyewe. Andika, lakini usihitimishe.

Kuhusu mkojo na choo, watu wa pwani tuna haya, na haya hii huchelewesha matibabu. Mwana hapendi kumwuliza baba yake kama mkojo unamtoka. Njia niliyoona inafaa ni kuliacha swali hili kwa mtu wa rika lake au kwa mwenzi wake, na kuliuliza kwa namna isiyoaibisha: je, siku hizi ukibanwa unaweza kusubiri, na ukienda, unakaa muda gani kabla haujatoka? CIDP ya kawaida huwa haigusi sana kibofu. Kibofu kikibadilika, hata kidogo, uti wa mgongo uangaliwe.

Daftari

Nunua daftari la shule la kurasa 40, usitegemee simu, kwa sababu simu hubadilishwa na kuibiwa. Kila Jumamosi andika mambo manne tu yenye namba: sekunde anazotumia kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa mara tano, hatua anazotembea kabla ya kupumzika, ganzi imefika wapi kwenye mwili, na mapigo ya unyayo mangapi. Chini yake andika dawa aliyotumia na siku aliyoikosa. Maneno kama "anaendelea vizuri" hayamsaidii daktari. Mstari usemao "aliinuka mara tano kwa sekunde 19, wiki iliyopita 14, goti la kulia gumu asubuhi" unaweza kuokoa mwezi mzima wa kubahatisha.

Yasiwe yote ni lawama za jina la zamani

Mgonjwa akishapewa jina la ugonjwa, kila kinachompata hubandikwa jina hilo. Huu ndio uzembe ninaouchukia kuliko wote, na nimeshaukiri wangu. Miguu inayokakamaa kwa mtu mwenye CIDP inaweza kuwa ni mailini ya katikati, lakini kwetu huku kuna mambo mengine yaliyo mengi zaidi na yenye dawa zake. Upungufu wa vitamini B12 huua neva za pembeni na kuharibu uti wa mgongo kwa pamoja, hata kifundo kikawa kimya huku kidole gumba kikipanda. Anayetumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi yuko katika hatari hiyo. Virusi vya Ukimwi na kaswende vinaweza kugusa kote kuwili. Kifua kikuu huingia kwenye mifupa ya mgongo na kuubana uti, na mtu anayemeza prednisoloni, vidonge vya steroidi vya kutuliza kinga, kwa muda mrefu kinga yake imeshushwa. Kichocho, ambacho wengi tulikipata utotoni kwa kuoga mitoni na mabwawani, mara chache hupeleka mayai kwenye uti wa mgongo. Mihogo michungu isiyolowekwa vizuri imewahi kuleta konzo katika nchi yetu, Mara na Mtwara, ingawa ugonjwa huo hukakamaza miguu ghafla na hauleti ganzi ya kudumu. Mwisho kuna ubanaji wa kawaida wa shingo kwa watu wa umri mkubwa, na katika CIDP ya miaka mingi mizizi ya neva yenyewe inaweza kunenepa hadi ikaubana uti.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kipimo cha B12 msikimbilie sindano na vidonge vya neva vya dukani. Sindano ya B12 iliyochomwa wiki iliyopita huyavuruga majibu, na vitamini B6 kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu huharibu neva zilezile mnazotaka kuzitibu. Wala mgonjwa asipelekwe kuvutwa shingo na wachuaji wakati haijajulikana kama uti umebanwa.

Hospitalini

Hapa Tanga mlango wa kawaida ni kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na kutoka huko rufaa huelekea Muhimbili au KCMC, Moshi. Mgonjwa anayekakamaa miguu aombewe picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, ya uti wa mgongo, shingo ikiwemo, na siyo ya kichwa peke yake. Nimeona familia ikitumia akiba yote kwa picha ya ubongo, wakati dalili zote zilikuwa chini ya shingo. Kabla ya kuingia kwenye mashine vitolewe vyuma vyote: kipini, bangili, na hirizi yenye kasha la bati. Mzee anayesita kuivua aruhusiwe kumkabidhi mwanawe aishike mlangoni. Mabishano hapo hayana faida. Mabakabaka meupe kwenye picha ya ubongo si lazima yawe ugonjwa huu, kwani presha na umri huyaleta pia, na daktari huyalinganisha na dalili.

Kipimo kinachoogopwa zaidi ni kutolewa maji ya uti wa mgongo. Mitaani inasemwa kwamba sindano hiyo hupoozesha. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huchomwa chini ya hapo, mahali penye nyuzi za neva zinazoelea majini. Kinachotafutwa ni uwiano: katika CIDP protini hupanda, huku seli nyeupe kwa kawaida zikiwa chini ya 10 katika milimita moja ya ujazo. Seli zikiwa nyingi, daktari atarudi kutafuta maambukizi. Kwa macho kuna kipimo cha kutazama mirabaraba ikibadilikabadilika huku waya zikiwa kichwani, hakiumi.

Matibabu ya waliopatwa kote kuwili hayana njia moja iliyokubaliwa na wote. Hutumika dawa zilezile za CIDP, yaani steroidi, imunoglobulini ya dripu (kingamwili kutoka damu ya wachangiaji) na kubadilisha plazma (maji ya damu), na majibu hutofautiana. Wenye kingamwili za neurofasini 155 mara nyingi hawanufaiki na imunoglobulini, na huhamishiwa kwenye rituksimabu, dawa nyingine ya kushusha kinga. Daktari akisema steroidi zilezile sasa zitatolewa kwa dripu na kwa kipimo kikubwa, msidhani amerudia kosa. Ila prednisoloni isikatishwe ghafla kwa kuishiwa nauli au kwa kuona nafuu, maana mwili ulioizoea unaweza kuzimika, na sukari na presha zipimwe kila mnapofika kliniki.

Yapo mambo yasiyosubiri daftari: kushindwa kupumua au kumeza, mkojo kufunga kabisa, ganzi ya ghafla kwenye makalio na sehemu za siri, degedege, upande mmoja wa mwili kudhoofika ghafla, au homa pamoja na kichwa kuuma na shingo kukaza. Hilo la mwisho lina upekee wake. Imunoglobulini yenyewe inaweza kuleta maumivu makali ya kichwa na shingo ngumu ndani ya siku moja au mbili baada ya dripu bila kuwapo kijidudu chochote, lakini nyumbani hakuna awezaye kutofautisha hali hiyo na homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo mwiteni bajaji usiku huohuo na mwambieni daktari tarehe ya dripu.

Fundi wetu alipofika Muhimbili, B12 yake ilikuwa sawa, na picha ilionyesha mabaka ndani ya uti wa shingo. Alipewa steroidi za dripu. Ukakamavu ulipungua ingawa haukuisha. Siku ya safari walipanda basi la alfajiri pale Kange, na binti alikuwa amepanga kwenye mfuko mmoja picha za zamani za eksirei, kadi zote, maboksi matupu ya dawa na daftari. Nawaelekeza wagonjwa wangu wafanye vivyo hivyo, na mfuko huo wasiuweke kwenye buti la basi bali waupakate.